Reli ya Obilo

Nilipokuwa mtoto Temeke, mdundiko ukipita mtaani usiku, mama alikuwa anatia komeo mlangoni, halafu anaketi mbele yake juu ya kibao cha mbuzi kama askari wa zamu. Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo, huchezwa huku watu wanatembea. Ukiifuata hushtuki mpaka umefika mtaa usioujua, na pale kwetu kila mtu alikuwa na kisa cha mtoto aliyepotelea nyuma ya ngoma. Basi mimi mdundiko niliujua kwa masikio tu. Niliusikia ukija, ukitikisa mabati, ukienda zake.

Kumbukumbu hiyo ilizinduka Bagamoyo, miaka mingi baadaye, siku rafiki yangu mcheza dansi aliponiwekea video kwenye kompyuta yake. Jukwaa tupu, mwanamume mwembamba amekaa kwenye kigoda kidogo anaongea Kifaransa bila haraka. Nikamuuliza rafiki yangu, "Anacheza saa ngapi?" Akanijibu, "Tulia. Anaanza na maneno." Akawa ananitafsiria. Yule bwana alikuwa anasimulia jinsi alivyorudi Obilo, kijiji cha kando ya reli nchini Kongo alikopita utotoni, kuzitafuta ngoma za zamani. Kisha akainuka. Mabega yalitangulia, magoti yakachelewa, uti wa mgongo ukapita katikati kama kamba inayovutwa na mtu asiyeonekana. Hakuwa akionyesha ngoma aliyoipata. Alikuwa kama mtu anayetafuta jina lililo kwenye ncha ya ulimi, ila yeye analitafuta kwa mwili mzima.

Huyo ni Faustin Linyekula, na mchezo ule unaitwa Le Cargo, wa mwaka 2011. Alikuwa amekwisha kuongoza kundi lake kwa miaka kumi, akitunga dansi za kuchezwa na wengine pamoja naye. Huu ndio ulikuwa wa kwanza kuucheza peke yake. Nilipofunga ile kompyuta nilikuwa na hamu moja. Sikutaka kwenda kumhoji. Wasanii wanaohojiwa sana huishia kujibu kwa mazoea, na yeye amehojiwa dunia nzima. Nilitaka kuuona mji ambao mtu anayealikwa Avignon, Lisbon na New York ameamua kuufanya makao ya kazi yake. Mji wenyewe ni Kisangani, na mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga Kongo.

*

Ndege ilinishusha Nairobi nikasubiri saa sita, na sikujutia. Bila Nairobi hadithi hii isingekuwapo. Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, kusini ya Kisangani, akakulia na kusomea Kisangani. Vyuo vikuu vya Zaire ya Mobutu vilipokuwa vimefungwa, kijana aliyekuwa akisoma fasihi na kupenda tamthilia akaondoka, na mwaka 1993 akawa Nairobi. Huko ndiko tamthilia ilipomkabidhi kwa dansi. Mwaka 1997 yeye, Mkenya Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Kazi yao Cleansing ilikwenda Luanda mwaka 1998, kwenye mashindano ya watunzi wa dansi wa Afrika, ikarudi na tuzo.

Nilikuwa nimekaa pale uwanjani na chai ya maziwa mkononi, nikiwaza: sisi Waafrika Mashariki tulikuwa na mtu huyu mlangoni kwetu na wengi wetu hatukujua. Kwetu dansi ya jukwaani ilikuwa vikundi vya utamaduni vinavyopokea wageni wa serikali, au wanenguaji wa bendi. Mtu anayesimama kimya jukwaani dakika mbili nzima, halafu akainua mkono mmoja, tungemuuliza anaumwa nini.

Baada ya hapo alifanya kazi Ufaransa, La Rochelle kwa Régine Chopinot na Montpellier kwa Mathilde Monnier, magwiji wa fani hiyo. Wengi wakifika hapo hutafuta karatasi za ukaazi. Yeye mwaka 2001 alirudi Kinshasa. Ni mwaka ambao Rais Laurent Kabila alikuwa ameuawa mwezi Januari, na nchi ilikuwa imegawanyika vipande vya vita. Katika mazingira hayo akaanzisha Studios Kabako. Jina ni la rafiki yake wa ujanani, marehemu Kabako, waliyekuwa wakiota pamoja ndoto za kuandika na kuigiza. Nimefikiri sana juu ya hilo: kundi la dansi lililopewa jina la mtu ambaye hatalicheza kamwe.

*

Kinshasa nilikuwa bubu. Kadi ya homa ya manjano ilikaguliwa kwa Kifaransa, teksi nikaipatana kwa vidole, na mji wote ukawa unanipita kwa Kilingala. Mara moja tu nilijisahau nikamwambia dereva "asante sana bwana". Alinitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko inavyofaa mtu anayeendesha gari. Mwenyeji wangu akanieleza jioni: wengi Kinshasa walikizoea Kiswahili mwaka 1997, mdomoni mwa askari wa Kabila walioingia na mabuti ya mpira. Lugha niliyofundishwa kuwa ni ya umoja, pale ilikuwa imefika na bunduki.

Katika mji huo Linyekula aliunda kazi zake za mwanzo, na baadaye Le Festival des mensonges, yaani tamasha la uongo. Hiyo huchezwa kama sherehe ya usiku kucha: bendi inapiga, watazamaji wananunua chakula na bia, taa ndefu za mwanga mweupe zinaburutwa sakafuni, na katikati ya starehe zinasikika hotuba za wakubwa walioahidi nchi hii kila kitu. Mchezaji anajipinda, anaanguka, anainuka, bendi haikomi. Mtu wa Dar es Salaam aliyewahi kukaa ukumbini huku taarifa ya habari ikisomwa redioni na bendi ikijiandaa, anaelewa bila kutafsiriwa.

Siku ya tatu nililipa go-pass, ile tiketi ya uwanja ambayo bila hiyo hupandi ndege Kongo, nikaruka kwenda Kisangani. Chini, kwa saa nzima na zaidi, palikuwa na msitu na mto. Mto ule unabeba meli kutoka Kinshasa kwa kilomita zipatazo 1,700, na Kisangani ndipo unapozikatalia. Juu yake yanaanza maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi.

*

Nilitoka uwanjani, kijana wa teksi akaniuliza, "Papa, unaenda wapi?" Sikujibu upesi. Nilisimama na mkoba wangu nikicheka peke yangu kama mwehu. Ulimi wangu ulikuwa umefunguliwa.

Mjini nilitembea kwa toleka, baiskeli za abiria zenye kiti cha nyuma kilichowekwa mto. Kijana aliyeniendesha alinisikiliza njia nzima, kisha akatoa hukumu: "Papa, weye unasemaga Kiswahili ya Biblia." Nami nilikuwa nikikisikia chake kama redio iliyosogezwa kidogo kwenye masafa: maneno ni yale yale, ila Kilingala kimeketi kati yao kama ndugu wa nyumbani. Nilikuwa nimekwenda na kiburi cha Mswahili wa pwani anayedhani lugha ni shamba lake na wengine ni wapangaji. Kiburi hicho kiliisha kesho yake, karibu na maporomoko.

Pale Wagenia, wavuvi wa mto huu, wamesimika miti mikubwa kwenye mwamba, katikati ya maji yanayopiga kelele, na kwenye miti hiyo wananing'iniza madema makubwa yenye umbo la tarumbeta. Nilimtazama mmoja akiteremka kuvuta dema. Mkono wa kushoto umekumbatia mti, mguu mmoja uko kwenye jiwe, mwingine hewani unatafuta. Mto unamsukuma, naye hashindani nao. Analegeza kiuno maji yapite, halafu anajikaza pale maji yanapopumua. Nikamwona Linyekula wa kwenye kompyuta. Ule mwili wake uliotegwa kati ya kuanguka na kusimama, nilioudhani ni mtindo wa majukwaa ya Ulaya, watu wa hapa wanautumia kutafutia kitoweo.

Mzee mmoja aliyekaa kwenye mwamba aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania, pwani, karibu na Zanzibar. Akatikisa kichwa. "Ah. Kwa Tippu Tip."

Sikuwa na jibu. Shangani, Unguja, nimepita mara nyingi mbele ya nyumba ya huyo Tippu Tip, jina lake halisi Hamed bin Muhammed el-Murjebi, nikautazama mlango wake wa nakshi. Shuleni tulimsoma kwa sababu aliandika maisha yake kwa Kiswahili, mmoja wa watu wa kwanza kufanya hivyo. Kisangani anajulikana kwa upande mwingine. Mwaka 1887 alifanywa gavana wa maporomoko haya kwa mapatano na Mfalme Leopold, na kabla ya hapo misafara yake ilikuwa imekwisha kuvipitia vijiji ikiwinda pembe na watu. Mzee aliwaita Batambatamba wale wawindaji. Hakuniambia kwa ukali. Alinisimulia kwa Kiswahili, lugha iliyofika huko na minyororo hiyo hiyo, sasa ni yake kuliko ilivyo yangu: anaimudu, anaichezea, anaitania.

Ndipo nikaanza kuelewa kazi niliyoifuata. Linyekula huuita mwili wake hifadhi ya kumbukumbu. Hifadhi haichagui inachowekewa. Mwili wa mtu wa Kisangani umewekewa misafara, mpira wa Leopold, amri za Mobutu, maombi ya makanisa, rumba, na vita. Anayecheza hapa hawezi kudai kuwa ana ngoma safi ya mababu iliyokaa kabatini. Anaweza kufungua mafaili na kusoma kilichomo, hata kama karatasi nyingine zimeungua.

*

Karatasi zilizoungua zipo nyingi. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuja Kongo kama marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji huu. Watu wanayaita mapigano hayo Vita vya Siku Sita. Mwenyeji wangu wa Kisangani, mama wa makamo, alinionyesha ukutani kwake tundu lililozibwa kwa saruji ya rangi tofauti. "Hapa ilipita," akasema, kisha akaendelea kufungua liboke ya samaki kwenye majani, mvuke ukamfunika uso.

Mwaka 2006 Linyekula alirudi kwenye mji huo na kuhamishia Studios Kabako hapa. Mwaka huo huo alitunga Dinozord. Ni mchezo wa mtu aliyerudi nyumbani kuwatafuta wenzake akakuta rafiki mmoja amekufa na mwingine yuko jela. Yule wa jela ni Antoine Vumilia Muhindo, mwandishi aliyefungwa gereza la Makala kufuatia mauaji ya Kabila. Maneno yake yalivuka kuta yakafika jukwaani. Kuna misa ya wafu ya Mozart, kuna sauti nyembamba ya juu ya Serge Kakudji, na kuna kijana wa hip-hop ambaye jina lake la uchezaji ndilo jina la mchezo. Mashairi ya Vumilia yalirudi tena mwaka 2009 katika more more more... future, safari hii yakiwa juu ya gitaa la Flamme Kapaya, ndombolo iliyopigwa kwa hasira mpaka raha yake ikatoka jasho.

Mbinu ya Linyekula ni hiyo: kila kazi inakwenda kugonga mlango wa kumbukumbu fulani. Mwaka 2012, na Ballet de Lorraine ya Ufaransa, aliichimbua ballet ya 1923 iliyodai kuonyesha uumbaji wa dunia Kiafrika bila Mwafrika hata mmoja jukwaani. Mwaka 2017 aliingia Metropolitan Museum ya New York akiwa na sanamu ya mbao akilini na kijiji cha ukoo wa mama yake, Banataba, kama jina la mchezo. Na 2019 aliwaita wazee waliokuwa wachezaji wa ballet ya taifa ya Zaire, iliyoundwa 1974, mwaka aliozaliwa yeye, akawapa jukwaa la Avignon waseme walichokicheza na walichokinyamazia. Tuzo zimemfuata, ikiwamo ile kuu ya Prince Claus ya mwaka 2007. Tuzo tuziache, hazikunipeleka Kisangani.

*

Siku ya mwisho nilivuka mto kwenda Lubunga, kata ya ng'ambo ya kushoto. Tulikuwa kumi na wawili kwenye mtumbwi wa injini, pamoja na mbuzi mmoja na magunia ya kwanga, ile mikate ya muhogo. Maji yalikuwa sentimita chache chini ya ukingo. Kila mtu alikaa kimya bila kuambiwa.

Lubunga ni upande uliosahauliwa. Mmoja wa mito mikubwa kabisa duniani unapita mlangoni, na watu wanahangaika na maji ya kunywa. Huku ndiko Studios Kabako ilikopanga, pamoja na mbunifu wa majengo Bärbel Müller, kuweka sehemu ya kufanyia sanaa iliyoambatana na usafishaji wa maji. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya kuwafurahisha wafadhili. Nikiwa nimesimama pale, nikimtazama binti wa miaka kama tisa akipanda ukingo wenye utelezi na dumu la lita ishirini kichwani, nililiona kwa jicho lingine. Shingo haitikisiki, nyonga ndizo zinazosawazisha. Mtu anayefanya kazi na miili ya watu atawezaje kutouona mwili huo? Kuongoza kundi la dansi katika mji kama huu ni pamoja na kuuliza mchezaji kala nini, kanywa nini, na atabaki au ataondoka.

Kijana mmoja niliyekutana naye ng'ambo ya kule, mcheza dansi, alikuwa ameniambia kitu kuhusu kuondoka. Wenzake wengi wakipata safari ya kwanza ya Ulaya hawarudi. "Yeye anarudiaka," akasema, akimaanisha Linyekula. "Ndiyo maana tunabishana naye. Huwezi kubishana na mtu hayuko." Nalo lina doa lake, nisilifiche. Fedha za kazi hizi hutoka sana kwenye majumba ya Ulaya, na Ulaya ndiko zinakoonwa na wengi. Mimi mwenyewe, jirani wa nchi ya pili, niliziona kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha kompyuta. Barabara za sanaa zetu bado zinapita Paris kama simu za zamani.

Nilitaka kupanda treni. Reli ya Ubundu inaanzia upande huo wa kushoto. Ina urefu wa kilomita 125 na ilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili mizigo iyapite maporomoko kwa nchi kavu. Obilo iko njiani. Stesheni nilikuta mbwa amelala kwenye kivuli na majani yamepanda kati ya mataruma. Treni inaondoka lini? Mmoja alisema labda Alhamisi, wa pili akacheka. Ndege yangu ilikuwa kesho.

Kando ya reli alikaa mama mmoja mzee akiuza ndizi za kuchoma. Nikanunua mbili, nikaketi kwenye chuma cha reli, kilichokuwa bado na joto la jua.

"Unatafuta nini Obilo, mwanangu?" akaniuliza.

"Ngoma, mama. Nasikia kulikuwa na ngoma za usiku."

"Zilikuwako." Akageuza ndizi kwenye makaa. "Kwenu munacheza nini?"

Nikamwambia juu ya mdundiko, jinsi unavyotembea mtaani, jinsi watoto wanavyopotelea nyuma yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Simama basi, onyesha."

Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mimi nimeandika juu ya ngoma zaidi ya miaka ishirini na hiyo ya kwetu sijawahi kuicheza hata usiku mmoja. Nikaweka ndizi kwenye jani. Nikasimama kati ya vyuma viwili vya reli nikayafumba macho, nikausikia ukija nyuma ya mlango, ukitikisa mabati. Mguu wa kulia ukaenda, ukakosea, ukarudi. Yule mama akaanza kupiga makofi, mapigo ya kwao, yasiyolingana na yangu. Ikabidi mguu uyasubiri.

Nilifika taruma la tano au la sita. Mbwa aliamka akanitazama.